Baba amerudi nyumbani na mtungi wa oksijeni: tupandishe hadi lita ngapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 74, tunaishi naye Njombe mjini. Alivuta sigara tangu ujana hadi miaka ya karibuni, na zamani aliugua TB akamaliza dozi. Juzijuzi alilazwa kwa nimonia, na siku ya kuruhusiwa tuliambiwa oksijeni ya damu yake ni asilimia 86 bila mtungi. Tukaazima mtungi mkubwa. Tuliandikiwa lita 2 kwa dakika, lakini usiku akibanwa tunapandisha hadi 5 au 6, anatulia na kulala. Shida inakuja asubuhi: kichwa kinamuuma, anasinzia mpaka saa nne, na jana alimwita mjukuu wake kwa jina la mdogo wake aliyekwisha kufariki. Kaka yangu aliyeko Muscat anataka kutuma mashine ya kutengeneza oksijeni ya lita 10 ili tuachane na mitungi inayoisha upesi. Shangazi naye anasema tumtoe kabisa, kwa sababu mwili ukishazoea oksijeni hauwezi tena bila hiyo. Tumsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mzee shikamoo yangu. Kaka na shangazi nitawafikia, ila kwanza usiku wa leo.

Kichwa kuuma asubuhi, usingizi usioisha na kuchanganya majina ni dalili kwamba hewa ya ukaa, yaani kabonidioksidi, inajaa katika damu ya baba. Rudisheni mtungi kwenye lita 2 mlizoandikiwa. Msiufunge ghafla, maana kuikata oksijeni kwa mkupuo kunaweza kuishusha oksijeni ya damu chini hata kuliko ilivyokuwa kabla hajaanza. Kisha mpelekeni hospitali leo, msingoje tarehe ya kliniki. Mkifika, semeni bila kuona aibu kwamba usiku alikuwa anapewa lita 6. Daktari wa zamu asipolijua hilo ataona mzee anahema kwa shida, atamvika barakoa ya lita 10 kwa nia njema kabisa, na hali itazidi kuharibika. Kama mna kile kipimo cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu, lengo kwa mtu mwenye mapafu ya aina hii ni 88 hadi 92. Kikisoma 96 msishangilie, punguzeni. Akiwa hasemi vizuri, haamki anapoitwa, au midomo imekuwa ya bluu, hiyo ni dharura ya dakika hiyohiyo.

Mlichokiona kama utulivu usiku, kwa sehemu kubwa kilikuwa ni ukaa unaomlewesha. Jambo hili linawashangaza watu wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya, kwa hiyo nilieleze. Pafu lililochakazwa na sigara na TB lina sehemu ambazo hewa haifiki vizuri. Mwili una akili yake: unaibana mishipa ya damu inayokwenda kwenye sehemu hizo, damu ielekezwe kwenye sehemu zilizobaki nzima. Ukimwaga oksijeni nyingi, mishipa ile inalegea, damu inaanza tena kupita mahali ambapo haiwezi kutua mzigo wake wa ukaa. Pamoja na hilo, msukumo wa kuhema nao hupungua kidogo. Kipimo cha kidoleni kitasoma vizuri muda wote huo, kwa sababu chenyewe kinaona oksijeni tu. Ukaa hakiuoni.

Mwaka 2010 kulichapishwa utafiti uliofanyika Tasmania, Australia, kwenye magari ya wagonjwa. Watu 405 waliodhaniwa kuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule tunaouita COPD, waligawanywa: wengine walipewa oksijeni nyingi kwa barakoa kama ilivyozoeleka, wengine ya kipimo, iwaweke kati ya 88 na 92. Katika kundi la oksijeni nyingi walifariki 9 katika kila 100. Katika kundi la kipimo, 4. Tofauti yote hiyo ililetwa na mkono unaozungusha koki.

Kwa hiyo jibu la swali ulilolifanya kichwa cha barua yako: hampandishi. Oksijeni ni dawa, ina dozi, na anayepandisha dozi ni aliyempima. Kwa mtu wa nyumbani huanzia lita 1, na wengi hutosheka na 1 hadi 3 kwa dakika.

Ila najua utaniuliza: sasa akibanwa usiku tumtazame tu? Hapana. Kuhema kwa shida na kupungukiwa oksijeni ni mambo mawili, na huweza kutokea kila kimoja peke yake. Nina wagonjwa wanaosoma 94 huku wakilia kwamba wanakufa kwa kukosa pumzi, na nina wengine wanasoma 84 wakipiga soga. Oksijeni inatibu upungufu wa oksijeni kwenye damu. Kubanwa kwa kifua kuna dawa zake nyingine. Mwinueni akae, ainame mbele kidogo, viwiko vikiegemea mezani au juu ya mito. Avute hewa kwa pua, kisha aitoe taratibu kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai ya moto, kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta. Feni ndogo ikimpuliza usoni husaidia kweli, ingawa najua Njombe mwezi Julai hakuna mzee atakayekuelewa ukimwashia feni. Basi mpepeeni na kitambaa kwa dakika chache. Na pampu yake ya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, ipitie kwenye spesa, kile chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Wazee wengi hupuliza dawa ikaishia ulimini, kisha wanasema pampu haifanyi kazi. Spesa ikikosekana dukani, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako sawasawa na mdomo wa pampu, pembeni pasivuje, inafanya kazi hiyo. Watoto wenye pumu wamekuwa wakitibiwa hivyo miaka mingi.

Kama hajawahi kuandikiwa pampu yoyote, hilo ndilo la kuuliza kabla ya mashine. Si mara moja nimekutana na familia iliyouza ng'ombe ikanunua konsentreta, yaani mashine ya oksijeni kama hiyo ya kaka yako, na mgonjwa hana hata pampu ya kila siku.

Sasa shangazi. Woga wake hautoki hewani. Watu wameona jirani akiwekewa oksijeni na baada ya wiki wakamzika, wakaunganisha mambo hayo mawili. Lakini mwili hauzoei oksijeni kwa namna ya mtu kuzoea pombe. Anayebaki akiihitaji anaihitaji kwa sababu pafu halikupona. Na wapo wengi wanaoachana nayo, baba yako huenda akawa mmoja wao, kwa sababu ile 86 ilipimwa siku anatoka wodini, nimonia ikiwa bado haijaisha kifuani. Namba hiyo haitoshi kumhukumu mtu maisha. Utaratibu ni kwamba akitulia, baada ya miezi miwili hadi mitatu anapimwa upya akiwa amekaa, bila mtungi, na ikiwezekana kwa damu ya mshipa wa ateri inayoonyesha oksijeni na ukaa kwa pamoja. Hospitali za rufaa za kanda wana uwezo huo. Kwenu iliyo karibu ni ya Mbeya. Ikibaki 88 au chini yake, au oksijeni ya ateri ikiwa 55 au chini kwa kipimo cha milimita za zebaki, basi ni mtu wa oksijeni ya muda mrefu. Kati ya 56 na 59 tunaangalia kama moyo umeshaanza kulemewa: miguu kuvimba, damu kuwa nzito.

Kuhusu muda mrefu huo ni saa ngapi, hapa tuna ushahidi wa zamani ambao bado ndio nguzo. Mwaka 1981 Waingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 87 wenye upungufu mkubwa. Waliopewa oksijeni angalau saa 15 kwa siku walikuwa 42, na katika miaka mitano walifariki 19. Ambao hawakupewa walikuwa 45, wakafariki 30. Mwaka mmoja kabla, Wamarekani walionyesha kwamba kuivaa karibu mchana na usiku kuliokoa wengi kuliko kuivaa usiku peke yake. Tangu hapo watu wakawa wanaamini kwamba zikizidi saa ndiyo bora zaidi, hadi mwaka 2024 utafiti uliofanyika Sweden ulipolinganisha saa 15 na saa 24 na kukuta hakuna tofauti katika kulazwa wala kufariki ndani ya mwaka mmoja. Kwangu hizo ni habari njema sana. Zina maana mzee anaweza kulala nayo, akapumzika nayo mchana, na bado akabakiwa na saa tisa za kwenda kanisani, kukaa barazani na wenzake, au kuwafokea wanaopalilia mahindi yake vibaya. Kinachookoa ni kuivaa saa nyingi kila siku kwa dozi ndogo. Nyinyi mlikuwa mnafanya kinyume: saa chache, lita nyingi.

Na kama baada ya miezi hiyo atasoma 90, 91? Hapo wengi hawapendi jibu langu. Mwaka 2016 Marekani walimaliza utafiti wa watu 738 waliokuwa na upungufu wa wastani, 89 hadi 93, au walioshuka wanapotembea tu. Oksijeni ya nyumbani haikuwaongezea maisha, haikupunguza kulazwa. Mtu wa namna hiyo nguvu zenu zimpeleke kwenye pampu, chanjo zikipatikana, na mazoezi. Uganda wamewajaribu mazoezi ya mpangilio wagonjwa waliobakiwa na makovu ya TB kama baba yako, wakatembea mbali zaidi na kuhema kukapungua. Bila mtungi wowote.

Kipimo cha kidoleni nacho kisomeni kwa akili. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapo ni pungufu ya ule wa Dar es Salaam kwa takriban moja ya tano. Mtu mzima wa afya asiposoma 99 huko si ajabu, na mgonjwa anayesoma 87 Njombe anaweza kukuta anasoma zaidi akishuka kwa binti yake Dar. Mwambieni daktari mlipimia wapi. Mikono ya baridi inadanganya kipimo. Apashe vidole kwanza, akae kimya dakika kadhaa, msome namba ikishatulia. Hina na rangi ya kucha zitolewe, hili kwa akina mama zaidi. Kuna na jambo linalotuhusu sisi weusi: utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa ambao kipimo kiliwasoma 92 hadi 96, weusi karibu 12 katika 100 walikuwa na upungufu halisi kwenye damu ya ateri, wakati weupe walikuwa chini ya 4. Kipimo kinaweza kutupendelea kwa uongo. Ndiyo maana nasisitiza damu ya ateri pale namba na hali ya mgonjwa zinapopingana.

Halafu jiko la mkaa. Nimeishi nyanda za juu, najua baridi ya huko inavyowafanya watu waingize jiko chumbani usiku. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoshika damu mahali pa oksijeni, na kipimo cha kidoleni hakiwezi kuitofautisha: kitakusomea 95 mtu akiwa anazimika. Maumivu ya kichwa ya asubuhi yanaweza kutoka huko pia, kwa hiyo hospitalini litajeni. Zaidi ya hayo, jiko na oksijeni havikai chumba kimoja. Oksijeni yenyewe hailipuki kama petroli, lakini inakifanya kila kinachoungua kiungue kwa kasi ya kutisha, na inabaki kwenye blanketi, nguo na nywele hata baada ya kufunga koki. Moto wowote, iwe jiko, gesi, mshumaa, ubani au sigara ya mgeni, ukae mbali, angalau mita tatu, na bora zaidi uwe chumba kingine. Asipakwe mafuta ya mgando puani hata kama mirija inamkausha. Tumieni jeli iliyotengenezwa kwa maji, isiyo na mafuta. Koki ya mtungi isiguswe na grisi wala mikono yenye mafuta. Mtungi usimame umefungwa kwa mnyororo au kamba ukutani, ukianguka koki ikavunjika unaruka kama kombora. Baba mwenyewe kama huwa anaiba sigara moja moja nje, na wengi huiba, zungumzeni naye mapema na kwa heshima. Uso unaoungua kwa sababu ya sigara na mirija ya puani ni jambo nisilotaka mtu alione.

Nije kwa kaka wa Muscat. Nia yake ni njema, ila asubiri vipimo. Mashine hii haihifadhi oksijeni. Inavuta hewa ya chumbani, ambayo oksijeni ni asilimia 21 na nitrojeni 78, inaipitisha kwenye chembechembe za madini ziitwazo zeolaiti zinazoshika nitrojeni, na kinachobaki ni oksijeni ya asilimia 90 na kitu. Ya lita 5 inamtosha mtu wa dozi ya lita 2, na inabaki akiba. Ya lita 10 kwa nyumba ambayo tayari mkono wa usiku umepandisha koki hadi 6, naona ni hatari zaidi kuliko faida. Pia ina kelele, inapasha chumba joto, na inakula umeme.

Umeme piga hesabu kabla. Mashine ya lita 5 hutumia kama wati 350. Kwa saa 15 ni uniti 5 na robo kwa siku, karibu 157 kwa mwezi. Kama LUKU yenu iko kwenye daraja la nafuu la watumiaji wadogo, lenye ukomo wa uniti 75, mtatoka kwenye daraja hilo, na vitu vyote vya nyumbani vitaanza kulipiwa bei ya kawaida. Ya lita 10 hukaribia wati 600, uniti 270 kwa mwezi. Inunuliwe na stabilaiza, kwa kuwa umeme unaopanda na kushuka ndio unaoua mashine hizi. Ya Oman itaingia kwenye umeme wetu bila shida, volti zao ni kama zetu. Asije mtu akaitoa Marekani, volti 120, mkaiunguza siku ya kwanza. Msiichomeke kwenye ekstensheni moja na friji na pasi. Sponji ya chujio la nje ioshwe kila wiki kwa maji na sabuni, ikauke kabisa ndiyo irudi. Fundi awe na kifaa cha kupima usafi wa oksijeni inayotoka, maana zeolaiti inachoka: mashine inaweza kunguruma vizuri, kimpira kinachoonyesha lita kikapanda hadi 2, na kinachotoka ni hewa ya kawaida tu. Wakati wa Uviko watu walinunua mashine nyingi zilizotumika kwa bei ya kuruka, na baadhi bado zinauzwa. Bila kipimo hicho msitoe hela.

Umeme ukikatika? Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 kwa hesabu za kwenye karatasi inaiendesha mashine saa tatu na kidogo, kwa uhalisia pungufu. Kwa hiyo hata mwenye mashine anahitaji mtungi wa akiba. Mkubwa wenye lita 6,800 kwa dozi ya lita 2 unakaa saa 56, yaani chini ya siku nne ukiutumia saa 15 kwa siku. Kwa lita 6 mlizokuwa mnampa, hazifiki hata saa 19. Nadhani sasa mnaelewa kwa nini mitungi ilikuwa inaisha.

Chupa ya maji ya kulainisha hewa si lazima kwa dozi ndogo. Mkiitumia, maji yachemshwe na kupozwa, yabadilishwe kila siku, chupa ioshwe. Uchafu wa humo unaingia moja kwa moja kifuani. Mrija mrefu ni mzuri ili afike chooni na sebuleni, ila upitisheni kando ya ukuta. Mzee akijikwaa akavunja nyonga mtakuwa mmeongeza tatizo jingine.

Na msishangae akiivua kila mgeni akibisha hodi. Wazee wengi wanaona mirija puani ni tangazo la kifo. Msimkemee mbele ya watu. Muulizeni ni saa zipi angependa awe huru, mzipange saa 15 kuzunguka hizo. Dozi aliyokubali mwenyewe ataivaa. Ya kulazimishwa ataivua mkitoka chumbani.

Hospitalini, baada ya haya ya dharura, ombeni mambo manne yaandikwe kwenye cheti: lita ngapi, saa ngapi kwa siku, namba ya lengo, na tarehe ya kupimwa tena. Ombeni pia makohozi yapimwe TB upya, na moyo uangaliwe kwa ultrasaundi, kwani mapafu ya hivi mara nyingi huuchosha upande wa kulia. Fedha za kaka kwa sasa zilipie nauli ya Mbeya, pampu na spesa, kipimo cha kidoleni kizuri, na blanketi nzito mbili ili jiko litoke chumbani. Mashine tutaizungumza mkirudi na majibu.